Mada ya 8: Ramani za Mabadiliko ya Kilimo cha Mjini – Mfano wa Bukoba na Muleba

Mada hii inaunganisha mambo matatu ambayo watahiniwa wengi huyasoma kila moja peke yake: usomaji wa ramani, takwimu, na matumizi ya ardhi. Swali likija limeyachanganya yote matatu, aliyeyasoma kwa vipande hukwama. Kwa hiyo tutayasoma pamoja, tukitumia eneo moja halisi: Manispaa ya Bukoba na Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera.

Baada ya kusoma mada hii uweze:

- kueleza maana ya kilimo cha mjini na aina zake katika Bukoba;
- kutaja vyanzo vya taarifa za kuchora ramani ya mabadiliko na udhaifu wa kila chanzo;
- kukokotoa badiliko la eneo kwa hekta na kwa asilimia;
- kueleza sababu na athari za mabadiliko yanayoonekana kwenye ramani;
- kulinganisha Bukoba mjini na Muleba.

8.1 Maneno muhimu

*Kilimo cha mjini* ni ulimaji wa mazao na ufugaji unaofanyika ndani ya mipaka ya mji au pembezoni mwake, kwa chakula cha nyumbani au kwa kuuza.

*Ramani ya mabadiliko* ni ramani inayoonyesha jinsi matumizi ya ardhi ya eneo moja yalivyotofautiana kati ya miaka miwili au zaidi. Ramani moja haiwezi kuonyesha badiliko. Zinahitajika angalau mbili, za eneo lilelile, kwa skeli ileile na ufunguo uleule.

*Kibanja*, kwa maana ya Wahaya, si kiwanja cha kujenga tu. Ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba, mibuni, maharage, magimbi na miti ya kivuli, vyote vikiwa vimechanganyika.

*Rweya* ni ardhi ya nyasi iliyo nje ya vibanja. Kwa asili ilitumika kwa malisho, kukata nyasi na kulima mazao ya msimu kama njugu mawe. Udongo wake una rutuba ndogo.

*Bonde* ni ardhi ya chini yenye unyevu kando ya mto, kama ilivyo kando ya Mto Kanoni unaopita katikati ya mji wa Bukoba na kumwaga maji yake Ziwa Viktoria.

Maneno kibanja na rweya yakutane nawe tena na tena katika mada hii. Ukiyaelewa, umeielewa nusu ya mada.

8.2 Eneo letu la mfano

Bukoba ni makao makuu ya Mkoa wa Kagera. Mji uko ufukweni mwa Ziwa Viktoria, upande wa magharibi. Ulianza kama kituo cha Wajerumani kilichoanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890. Mvua ni nyingi, takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na hupungua kadiri unavyokwenda magharibi mbali na ziwa. Misimu mikuu ya mvua ni Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Hapa kuna jambo la kuzingatia. Katika miji mingi tunasema kilimo kimeingia mjini. Bukoba ni kinyume chake: mji ndio ulioingia shambani. Vibanja vingi vya kata za pembezoni kama Nyanga, Kahororo, Buhembe na Ijuganyondo vilikuwa vya familia kabla mji haujavifikia. Ukitazama kutoka kilimani unaona migomba, na nyumba zimefichwa ndani yake. Katikati ya mji, nyumba zimebanana na mashamba yamebaki vipande.

Tazama idadi ya watu kwa mujibu wa sensa:

| Eneo | 2002 | 2012 | 2022 |
|---|---|---|---|
| Manispaa ya Bukoba | 81,221 | 128,796 | 144,938 |
| Wilaya ya Muleba | – | 540,310 | 637,659 |

*Kokotoa ongezeko la Bukoba kati ya 2002 na 2012:*

Ongezeko = 128,796 – 81,221 = watu 47,575

Asilimia = (47,575 ÷ 81,221) × 100 = 58.6%

Kati ya 2012 na 2022 ongezeko ni watu 16,142, sawa na asilimia 12.5. Katika muda huohuo Muleba iliongezeka kwa watu 97,349, sawa na asilimia 18.0.

Usikimbilie kuandika kwamba "Bukoba inakua kwa kasi ileile kila mwaka". Takwimu zinakukatalia. Muongo wa kwanza ulikuwa wa kasi kubwa, wa pili ulipungua, na nje ya manispaa Muleba ilikua kwa asilimia kubwa zaidi. Mabadiliko ya ardhi hayaishii kwenye mpaka wa manispaa, ndiyo maana tunaisoma Bukoba pamoja na Muleba.

8.3 Vyanzo vya taarifa na udhaifu wake

*(a) Ramani za topografia.* Ramani za Tanzania za skeli ya 1:50,000 zinaonyesha kontua, mito, barabara, makazi na uoto. Katika skeli hii, sentimita 2 kwenye ramani ni kilomita 1 ardhini, na sentimita moja ya mraba ni hekta 25. Udhaifu: bustani ya mchicha haionekani kabisa, na ramani ikishachapwa huzeeka.

*(b) Picha za anga* zilizopigwa na ndege. Zinaonyesha hadi paa la nyumba na mstari wa migomba. Udhaifu: ni ghali, na hazipigwi kila mwaka.

*(c) Picha za setilaiti.* Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972, hivyo tuna kumbukumbu ya zaidi ya miaka 50. Kipande kimoja cha picha, yaani pikseli, katika picha za Landsat zinazotumika sana ni mita 30 kwa 30. Setilaiti za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, zina pikseli za mita 10 kwa 10.

Hebu tupime maana yake. Kibanja cha nusu hekta kina mita za mraba 5,000. Pikseli ya Landsat ina mita za mraba 900, kwa hiyo kibanja kizima ni pikseli kama 5 na nusu tu. Kwenye Sentinel-2 ni pikseli 50. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina mita za mraba 400, yaani ni kidogo kuliko hata pikseli moja ya Landsat. Nyumba iliyojengwa humo, ikizungukwa na migomba, inaweza isionekane kabisa.

*(d) Uchunguzi wa uwandani.* Unatembea na ramani, daftari na simu yenye GPS, unahakiki kile ambacho picha imesema. Unawauliza pia wazee: hapa palikuwa na nini kabla ya nyumba hizi? Udhaifu: unachukua muda, na kumbukumbu za watu hutofautiana. Uliza zaidi ya mtu mmoja.

8.4 Hatua za kuchora ramani ya mabadiliko

1. *Chagua eneo na miaka.* Miaka iwe na umbali wa kutosha, kwa mfano 10 au 20.
2. *Chagua msimu mmoja.* Picha za Bukoba zichukuliwe Juni hadi Agosti, mawingu yakiwa machache. Ukilinganisha picha ya Aprili na ya Agosti utaona rweya imegeuka kutoka kijani kuwa kahawia, ukadhani imeharibiwa, kumbe ni kiangazi tu.
3. *Tengeneza ufunguo mmoja* wa ramani zote mbili.
4. *Weka gridi na hesabu miraba* ya kila matumizi. Mraba uliogawanyika uhesabiwe kwa matumizi yaliyochukua zaidi ya nusu.
5. *Linganisha mraba kwa mraba*, siyo jumla kwa jumla pekee.
6. *Hakiki uwandani.* Shamba lililotifuliwa likisubiri maharage hufanana na ardhi iliyosafishwa kwa ujenzi ukilitazama kutoka juu.
7. *Chora ramani ya mwisho* yenye kichwa, skeli, ufunguo, dira, fremu na miaka inayolinganishwa.

8.5 Mfano uliofanyiwa kazi

*Takwimu za mfano huu zimetungwa kwa ajili ya zoezi. Si za kata yoyote halisi.*

Kata moja ya mji wa kando ya ziwa imechorwa kwa skeli ya 1:10,000. Kwa skeli hii sentimita 1 ni mita 100, hivyo mraba wa sentimita 1 kwa 1 ni hekta 1. Kata ina miraba 200. Ramani B imechorwa miaka 20 baada ya Ramani A.

| Matumizi | Ramani A (hekta) | Ramani B (hekta) | Badiliko (hekta) | Badiliko (%) |
|---|---|---|---|---|
| Vibanja | 84 | 66 | –18 | –21.4 |
| Rweya | 70 | 24 | –46 | –65.7 |
| Bonde | 16 | 14 | –2 | –12.5 |
| Majengo | 30 | 82 | +52 | +173.3 |
| Miti ya kupandwa | 0 | 14 | +14 | haikokotolewi |
| Jumla | 200 | 200 | 0 | |

*Njia:* Asilimia ya badiliko = (badiliko ÷ eneo la mwanzo) × 100.

Kwa rweya: (46 ÷ 70) × 100 = 65.7% imepungua. Kwa wastani, rweya imepotea kwa 46 ÷ 20 = hekta 2.3 kila mwaka.

Miti ya kupandwa ilianza kwa sifuri, na huwezi kugawanya kwa sifuri. Andika "matumizi mapya, hekta 14". Jumla ya badiliko lazima iwe sifuri, kwa sababu ardhi haikuongezeka wala kupungua. Ukipata jumla nyingine, umekosea kuhesabu miraba.

Sasa tulinganishe mraba kwa mraba. Jedwali lifuatalo linaonyesha kila hekta ya Ramani A ilikwenda wapi:

| Kutoka (A) | Vibanja | Rweya | Bonde | Majengo | Miti | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|---|
| Vibanja | 64 | 0 | 0 | 20 | 0 | 84 |
| Rweya | 0 | 24 | 0 | 32 | 14 | 70 |
| Bonde | 2 | 0 | 14 | 0 | 0 | 16 |
| Majengo | 0 | 0 | 0 | 30 | 0 | 30 |
| Jumla (B) | 66 | 24 | 14 | 82 | 14 | 200 |

Jedwali la kwanza lilisema vibanja vimepungua kwa hekta 18. La pili linasema ukweli zaidi: hekta 20 za vibanja zilijengwa, kisha watu wakasogea bondeni na kufungua hekta 2 mpya. Kilimo hakikupungua tu, kilihama. Kilitoka mlimani kwenye udongo uliotunzwa kwa vizazi, kikashuka kwenye ardhi inayofurika. Mtahiniwa anayeona hili anajibu tofauti kabisa na yule aliyetoa na kugawanya peke yake.

Angalia pia kinachofichwa na ufunguo. Hekta 14 za bonde zimebaki "bonde" katika ramani zote mbili. Lakini Ramani A ingeweza kuwa ya mafunjo na majani, na Ramani B ikawa ya mchicha, kabichi na nyanya. Ufunguo uliosema "bonde" tu umelificha badiliko hilo. Ufunguo mzuri ungetenganisha *bonde lenye uoto wa asili* na *bonde lililolimwa*.

8.6 Rweya na kibanja: uhusiano usioonekana kwenye rangi

Hiki ndicho kiini cha mada. Soma polepole.

Watahiniwa wengi wakiona rweya imejengwa huandika: "Hakuna hasara kubwa kwa kilimo, kwa sababu rweya haikuwa na rutuba." Jibu hili si sahihi.

Kibanja hakikuzaliwa na rutuba. Sehemu kubwa ya udongo wa Bukoba na Muleba umechujwa na mvua nyingi. Rutuba ya kibanja ilijengwa kwa mikono. Ng'ombe walichungwa rweya mchana, jioni wakarudi nyumbani, na samadi yao ikawekwa kwenye migomba. Nyasi zilikatwa rweya zikaletwa kutandazwa chini ya migomba ili kuhifadhi unyevu, kuzuia mmomonyoko na kuoza kuwa mbolea. Kwa miaka mingi chakula cha udongo kilisafirishwa kutoka rweya kwenda kibanjani, kichwani mwa watu na tumboni mwa ng'ombe.

Sasa rweya ikijengwa au ikipandwa misonobari na mikaratusi, nyasi na malisho hupungua. Ng'ombe hupungua. Matandazo hupungua. Kwenye ramani kibanja bado ni kijani kilekile, lakini migomba inapungua unene, mikungu inakuwa midogo na wadudu kama fukusi wa migomba wanapata nafasi. Mama wa nyumba aliyekuwa akikata mkungu kibanjani sasa anautafuta sokoni.

Kwa hiyo ukiona rangi moja imebadilika, jiulize: *rangi ya jirani imepoteza nini?* Swali hili moja litakusaidia katika mada nyingine pia: msitu na chanzo cha maji, mikoko na samaki, malisho na mashamba.

8.7 Sababu za mabadiliko

*Ongezeko la watu na mahitaji ya makazi.* Takwimu za sensa katika 8.2 zinathibitisha. Viwanja, shule, barabara na taasisi huwekwa kwanza kwenye ardhi iliyo wazi, na mara nyingi hiyo ni rweya.

*Urithi.* Kibanja cha baba hugawanywa kwa watoto, nao hugawanya kwa watoto wao. Kila sehemu hupata nyumba yake, choo chake na njia yake. Kibanja hakifyekwi kwa siku moja, hupungua kidogo kidogo. Kwa desturi Wahaya huzika ndugu zao kibanjani, hivyo familia nyingi huona uzito kukiuza chote. Hii inasaidia kueleza kwa nini ramani huonyesha vibanja vilivyomegwa badala ya vilivyofutika.

*Magonjwa ya mazao.* Ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulitambuliwa nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2006, katika Wilaya ya Muleba. Mgomba ulioambukizwa hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Wakulima hufundishwa kung'oa migomba iliyougua, kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda badala ya panga, na kusafisha vifaa kwa moto au dawa. Pengo la wazi katikati ya kibanja kwenye picha ya setilaiti laweza kuwa ugonjwa, wala si ujenzi. Bila kuhakiki uwandani huwezi kujua.

*Soko.* Mboga za majani huvunwa baada ya wiki chache na hununuliwa kila siku mjini. Mkulima mwenye kipande kidogo bondeni hupata fedha haraka kuliko anayesubiri kahawa ya mwaka mzima.

*Sheria na mipango miji.* Kanuni za mwaka 1992 za kilimo cha mijini ziliweka kikomo cha ekari 3 kwa mtu mmoja, na ng'ombe wasiozidi 4 wanaofugwa bila kuchungwa nje. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa ziwa zinazoweza kuharibu mazingira.

*Zoezi dogo:* Mita 60 ni umbali gani kwenye ramani? Kwa skeli ya 1:10,000 ni milimita 6, unaweza kuichora. Kwa skeli ya 1:50,000 ni milimita 1.2, karibu unene wa mstari wa mto wenyewe. Hapo utaona kwa nini skeli huchaguliwa kulingana na swali.

8.8 Athari za mabadiliko

*Chanya:* makazi na huduma huongezeka. Bustani za bondeni huipa familia mboga na fedha. Miti iliyopandwa hutoa nguzo, mbao na kuni. Chakula hufika sokoni kikiwa kibichi kwa gharama ndogo ya usafiri.

*Hasi:*

- *Mafuriko.* Paa na lami hazinywi maji kama rweya. Mvua kubwa ikinyesha milimani, maji hushuka haraka kwenye Kanoni, na maeneo ya chini kama Kashai na Bilele hupata taabu. Bonde lililolimwa hadi ukingoni hupoteza mafunjo yaliyokuwa yakipunguza kasi ya maji na kuchuja tope kabla halijafika ziwani.
- *Uhakika wa chakula.* Familia iliyokuwa ikijilisha hutegemea fedha ya siku.
- *Afya.* Mboga zikimwagiliwa kwa maji yaliyochanganyika na majitaka huweza kueneza magonjwa ya tumbo.
- *Migogoro* ya mipaka kati ya ndugu na kati ya majirani.

Hali hii haipo Bukoba pekee. Dar es Salaam, yenye watu 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ina bustani za mchicha na matembele katika Bonde la Msimbazi, na bonde hilohilo hufurika. Tofauti ni kwamba Dar es Salaam bustani nyingi ziko kwenye maeneo ya wazi mbali na nyumba ya mkulima, wakati Bukoba shamba kuu liko mlangoni mwa nyumba.

8.9 Muleba: upande wa pili wa ramani

Muleba iko kusini mwa Bukoba, kando ya barabara kuu iendayo Biharamulo na Mwanza. Ina uwanda wa juu wa Kamachumu wenye vibanja vilivyoshonana, mwambao wa ziwa, na visiwa kama Bumbire.

| Kigezo | Bukoba mjini | Muleba |
|---|---|---|
| Mpangilio wa makazi | Yamebanana katikati, yametawanyika pembezoni | Yametawanyika vibanjani, hujipanga mstari kando ya barabara |
| Badiliko kuu la rweya | Kuwa majengo | Kuwa mashamba ya miti na makazi |
| Zao linaloongezeka | Mboga za bondeni | Miti ya mbao |
| Nafasi katika chakula | Mlaji na soko | Mzalishaji na msafirishaji wa ndizi |

Mji unapopunguza vibanja vyake, ndizi zinazokosekana hutoka vijijini, Muleba ikiwemo. Mkungu unaopakiwa Muleba kwenda mjini unaondoka na rutuba ya udongo wa Muleba, na maganda yake yanaishia kwenye jalala la mjini. Zamani maganda yalirudi chini ya mgomba. Kwa hiyo ramani ya Bukoba haijakamilika bila Muleba. Badiliko lililoanzia kwenye kiwanja cha mjini laweza kuonekana, miaka kadhaa baadaye, kwenye kibanja kilicho mbali na mji.

8.10 Makosa ya watahiniwa

1. Kukokotoa asilimia kwa kugawanya na eneo la mwisho badala ya eneo la mwanzo.
2. Kulinganisha ramani zenye skeli tofauti bila kuzibadilisha kwanza.
3. Kusahau miaka kwenye kichwa cha ramani.
4. Kuandika sababu za jumla ("watu wameongezeka") bila ushahidi wa takwimu au wa ramani.
5. Kudhani kila kijani ni kilimo. Misonobari ni kijani, na kibanja kinachokufa njaa pia ni kijani.

8.11 Maswali ya kujipima

1. Tofautisha kibanja na rweya kwa hoja tatu. (alama 3)
2. Kwa kutumia jedwali la kwanza la 8.5: (a) majengo yalichukua asilimia ngapi ya kata katika Ramani A na katika Ramani B? (b) chora grafu ya miraba mihimili kuonyesha matumizi ya ardhi katika ramani zote mbili. (alama 8)
3. Toa sababu mbili kwa nini picha za setilaiti za Bukoba zichukuliwe msimu mmoja. (alama 2)
4. "Kujenga kwenye rweya hakuna madhara kwa kilimo." Jadili kauli hii kwa hoja tano. (alama 15)

Mwongozo wa majibu

*Swali la 2(a):* Ramani A: (30 ÷ 200) × 100 = 15%. Ramani B: (82 ÷ 200) × 100 = 41%. Usichanganye jibu hili na ongezeko la asilimia 173.3. La kwanza ni sehemu ya kata nzima, la pili ni badiliko la majengo yenyewe.

*Swali la 3:* Rangi ya nyasi na mashamba ya msimu hubadilika kati ya masika na kiangazi, hivyo huleta badiliko la uongo. Mawingu ya msimu wa mvua huficha sehemu ya ardhi.

*Swali la 4:* Anza kwa kueleza rweya ni nini na kukubali kwamba udongo wake una rutuba ndogo. Kisha pinga kauli kwa hoja zenye mfano: (i) hupunguza malisho na hivyo samadi, (ii) huondoa nyasi za matandazo, (iii) huondoa eneo la mazao ya msimu kama njugu mawe, (iv) huongeza maji yanayotiririka kwenda bondeni ambako mboga hulimwa, (v) husukuma wakulima kufungua mashamba mapya kwenye kingo za mito. Hitimisha kwa pendekezo linalotekelezeka: mpango wa mji utenge maeneo ya nyasi, ufugaji wa ndani na mboji kutokana na maganda ya sokoni viimarishwe, na mita 60 za kingo za mto zilindwe.

Kazi ya uwandani

Chora ramani ya eneo la nyumbani kwenu, nyumba ishirini tu, kama lilivyo leo. Kisha kaa na bibi, babu au jirani wa muda mrefu, umwombe akueleze lilivyokuwa ulipozaliwa, na uchore ramani ya pili kwa skeli ileile. Linganisha mraba kwa mraba. Mtahiniwa aliyewahi kufanya hivi mara moja hahitaji kukariri sababu na athari, kwa kuwa atakuwa amezisikia kutoka kwa waliozipitia.